Kutoka Daftari la Greda hadi Ankara ya Kijiji: Namna Saa za Kazi Zinavyohesabiwa

Mada iliyowasilishwa na mmoja wa wahasibu wa Halmashauri katika kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kilichohudhuriwa pia na wenyeviti wa vijiji, watendaji na wananchi. Inachapishwa kama ilivyosomwa.



Nimetumwa nieleze namna saa za kazi zinavyotoka katika daftari la greda, katika daftari la walinzi na katika orodha za vibarua, zikaingizwa katika lahajedwali la kompyuta, kisha zikatoka humo zikiwa ankara, malipo na taarifa. Natambua kwamba mada hii haina mvuto wa mada ya maji au ya pembejeo. Hata hivyo, wengi mlioketi hapa ama mmechangia fedha zilizotozwa kwa hesabu hiyo, ama mmesubiri ujira uliotokana nayo. Kwa hiyo nitaanza na fedha.

Kipo kijiji kimoja, nisichokitaja kwa kuwa jambo lake limekwisha kwa amani, kilichochanga fedha kaya kwa kaya ili kukodi greda na kuchonga barabara iendayo zahanati. Namba nitakazozitaja nimezibadilisha kidogo ziwe nyepesi kukokotoa, lakini kosa ni lile lile. Greda lilifanya kazi siku tano. Bei ya kukodi ilikuwa shilingi 80,000 kwa saa. Kijiji kilikuwa na shilingi 2,800,000 benki, na kwa makadirio ya awali zilitosha. Ankara ilipokuja ilisomeka saa 58, shilingi 4,640,000.

Mwenyekiti wa kijiji aliisoma ankara hiyo mbele ya mkutano mkuu. Mnajua kinachofuata mahali kama hapo. Wapo walionong'ona kwamba Halmashauri imekula. Wapo walionong'ona kwamba mwenyekiti ndiye aliyekula. Kisha akasimama mama mmoja anayeuza uji na maandazi kwenye njia panda ya shule. Alisema yeye huwasha moto kabla ya jua kuchomoza. Greda humkuta ameshauza nusu ya sufuria na watoto wameshaingia darasani. Na jioni hulizima kabla yeye hajaosha vyombo. Akauliza: hizo saa 14 zilizoandikwa Jumatano, limezifanyia wapi?

Hakuwepo aliyeweza kumjibu. Ndipo daftari la greda likaombwa, nami nikatumwa kulipeleka.

Mstari wa Jumatano uliandikwa hivi: kuanza 2:00, kumaliza 16:00. Opereta alijaza saa ya kuanza kwa mkono wake, kwa hesabu yetu ya Kiswahili: saa mbili asubuhi. Jioni, opereta akiwa chini ya mtambo anapaka grisi, utingo wake ndiye aliyefunga daftari. Yeye alitazama simu, simu ikamwambia 16:00, naye akaandika hivyo. Opereta alisema kweli na utingo alisema kweli. Karani wetu mjini, ambaye hajawahi kuliona greda hilo, aliyaingiza yote mawili kama alivyoyakuta. Kwa kompyuta, 2:00 ni saa nane ya usiku. Kwa mujibu wa ile karatasi, greda la Halmashauri liliingia barabarani kabla jogoo wa kwanza hajawika. Ukitoa 2 katika 16 unapata 14. Siku tatu kati ya zile tano ziliandikwa kwa mtindo huo, na kila moja iliongezewa saa 6 zisizokuwapo. Saa 18 kwa shilingi 80,000 ni shilingi 1,440,000 zilizotokana na kalamu mbili katika mstari mmoja.

Tulipokwenda kutazama mita ya injini tulikuta habari nyingine. Greda lina mita inayohesabu saa ambazo injini inanguruma, na fomu ya makubaliano ya ukodishaji ilisema wazi kwamba malipo yatafuata mita hiyo. Opereta alikuwa ameisoma na kuiandika pembezoni mwa ukurasa, mwanzo na mwisho wa kazi: 3,912.4 na 3,946.1. Tofauti yake ni saa 33.7. Lakini lahajedwali letu halikuwa na safu ya mita. Aliyelitengeneza aliliiga kutoka fomu ya mahudhurio ya watumishi wa ofisini, na watumishi hawana mita. Hivyo namba pekee iliyokuwa na nguvu ya kisheria ilibaki pembezoni mwa daftari, haikupata pa kuandikwa, na ikapuuzwa.

Ankara ya kwanza ilifutwa. Ikatolewa nyingine, yenye kumbukumbu namba mpya ya malipo, ya shilingi 2,696,000. Kijiji kililipa na kubakiwa na shilingi 104,000.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu nimewasikia wengi wakisema kwamba tangu tumeanza kutumia kompyuta makosa yamekwisha. Kompyuta haikosei kutoa wala kujumlisha, nakubali. Ila haijui kwamba sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na haitamwuliza mtu yeyote.

Sasa nieleze tulichobadilisha, na nianze na saa yenyewe. Lilipendekezwa kwetu kwamba maopereta na walinzi wote waagizwe kuandika saa za simu, yaani za mtindo wa 24, na kuacha saa za Kiswahili. Mimi nilipinga, na naendelea kupinga. Mtu aliyezaliwa akisema saa mbili asubuhi ukimlazimisha aandike 8:00, siku tatu za kwanza ataandika sawa, siku ya nne atachoka na kuchanganya. Daftari jipya linamwacha aandike saa yake, ila kando ya saa anaweka alama moja kati ya maneno yaliyokwisha kuchapwa: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Karani ndiye anayegeuza. Katika lahajedwali sasa zipo safu mbili kwa kila saa: ya kwanza ni maneno ya daftari kama yalivyo, "saa 2 asubuhi", na ya pili ni 08:00. Safu ya kwanza haifutwi kamwe. Atakayekuja kukagua mwaka ujao ataona mtu wa porini alisema nini na mtu wa mjini alielewa nini.

Kanuni ya kugeuza ni nyepesi: asubuhi na mchana unaongeza 6. Saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 10 jioni ni 16:00. Penye taabu ni usiku: saa 1 usiku ni 19:00, yaani unaongeza 18, hadi saa 5 usiku, ambayo ni 23:00. Saa 6 usiku tarehe inabadilika katika kompyuta ilhali sisi bado tunasema ni usiku ule ule. Nitalirudia hilo nikifika kwa walinzi.

Jambo la pili ni nukta. Mita ya greda huhesabu kwa sehemu za kumi. Ikisogea kutoka 3,912.4 hadi 3,912.5, zimepita dakika 6. Saa ya ukutani nayo huhesabu kwa sitini. Sasa mtu amefanya kazi saa saba na nusu. Mmoja ataandika 7.5, mwingine ataandika 7.30, na wote wamekusudia kitu kimoja. Lahajedwali halijui makusudio. Kwake 7.30 ni saa saba na dakika 18. Kibarua aliyeandikiwa 7.30 kila siku kwa siku 20 amepoteza saa 4 bila mtu yeyote kumwibia. Kinyume chake, mita ikisoma 6.3 halafu karani akadhani ni saa sita na nusu, kijiji kinatozwa dakika 12 zisizokuwapo. Kwa hiyo tumeamua kwamba mita itaandikwa kwa nukta, na saa za ukutani zitaandikwa kwa vituo viwili vya wima, 7:30, na karani haruhusiwi kuandika muda kwa nukta mahali pasipo pa mita. Mnaweza kuliona jambo dogo. Naomba mkifika ofisini mtazame nukta kwanza.

La tatu linawahusu zaidi vijana wetu wanaosaidia ofisi za vijiji kwa kompyuta, lakini naomba wazee wanivumilie kidogo. Ndani ya lahajedwali, muda huhifadhiwa kama sehemu ya siku. Saa 8 ni theluthi moja ya siku, basi ndani kabisa imeandikwa 0.333 na kuendelea, ingawa machoni inaonekana 8:00. Ukizidisha kisanduku hicho kwa bei ya shilingi 80,000 utapata shilingi 26,666.67, si 640,000. Ni lazima kwanza uzidishe kwa 24. Kosa hili angalau lina aibu, hujionyesha mapema, maana hakuna anayeamini kwamba greda lilichonga barabara siku nzima kwa elfu ishirini na sita. Lisilo na aibu ni hili: ukijumlisha saa 8 za siku tano, jumla ni saa 40, lakini kisanduku kisipowekewa mtindo wa kuonyesha saa zinazopita 24 kitakuonyesha 16:00, kwa kuwa kimeondoa siku nzima na kubakiza masalia. Kumi na sita ni namba inayoaminika. Inaweza kupita mezani kwa watu watatu na kutiwa saini.

Ndiyo maana siku hizi hakuna jumla inayotoka ofisini kwetu bila kulinganishwa na jumla iliyopigwa kwa mkono chini ya ukurasa wa daftari. Opereta au mtendaji wa kijiji hujumlisha kwa kalamu mwishoni mwa kila ukurasa na kuandika idadi ya mistari. Karani akimaliza kuingiza, mwenzake humsomea daftari kwa sauti, yeye akifuatilia kwenye kioo; idadi ya mistari ilingane, jumla ilingane, na tofauti ya mita ya mwanzo na ya mwisho isipungukiwe wala kuzidiwa na jumla ya siku moja moja. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa kwa daftari la wiki. Wakuu wangu waliwahi kuniuliza kama nusu saa hiyo si kupoteza muda. Niliwakumbusha ile ankara ya saa 58.

Naingia sasa kwa walinzi wa usiku. Mlinzi wa zahanati huingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Kwa kompyuta ni 18:00 hadi 06:00, na ukitoa 18 katika 6 unapata pungufu ya sifuri. Lahajedwali halipendi muda ulio chini ya sifuri. Hujaza kisanduku alama za reli mfululizo. Nimewahi kukuta mahali ambapo mwingizaji, akiona alama hizo, aliandika tu 12 kwa mkono juu ya kanuni ya hesabu, mwezi mzima, kwa kila mlinzi, awe alikuja au hakuja. Jumla ilikuwa nzuri mno. Dawa ni kuandika tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kila moja katika safu yake, ili mashine ijue kwamba asubuhi ile ni ya siku iliyofuata.

Katika daftari la walinzi, tarehe na saa za kuingia na kutoka ndizo zinazobeba haki ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni za ziada, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya siku ya sikukuu ya umma hulipwa mara mbili. Mlinzi aliyeingia jioni ya kuamkia sikukuu anavuka tarehe akiwa lindoni, na asiyeandika tarehe mbili hawezi kumtenganishia saa zake. Zahanati na shule zinazoajiri walinzi kupitia kamati zao zitazame hili, kwa sababu kamati ndiyo mwajiri na ndiyo itakayoulizwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, vibarua ndio wengi, na ndio wanaoumia kimyakimya. Nataka niwape nafasi kubwa kidogo.

Orodha ya vibarua wa kuchimba mifereji ya barabara huwa na jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha Taifa, na siku au saa alizofanya kazi. Malipo hupitia simu. Ukiandika namba ya simu inayoanza na sifuri katika kisanduku cha kawaida, lahajedwali hudhani ni hesabu na kuiondoa ile sifuri ya mbele, kwa maana katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Lahajedwali la kawaida hukumbuka tarakimu 15 tu za namba. Zinazofuata huzigeuza sifuri, bila onyo. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa mahali pamoja wanaweza kutoka na namba moja. Basi safu hizo mbili lazima zipangwe kuwa za maandishi kabla ya kuandika chochote, wala si baada, kwani tarakimu zilizokwisha kupotea hazirudi.

Nilimwona mama mmoja, mzibua mifereji, aliyekuja ofisini mara nne kwa miguu kuuliza ujira wa siku 12. Kila mara aliambiwa amelipwa, na kweli katika orodha palionekana amelipwa. Simu iliyopokea haikuwa yake: tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Aliyekuwa mezani alikuwa akitazama kioo. Daftari la karatasi, ambamo mama huyo aliiandika namba yake mwenyewe na kutia dole gumba, lilikuwa kabatini hatua tatu nyuma yake. Ilichukua dakika chache kuligundua kosa baada ya mtu kuinuka kitini. Kuirudisha fedha kulichukua muda mrefu zaidi, na sikufurahishwa na urefu wake.

Lipo kosa jingine baya kuliko hilo, nalo huzaliwa na nia njema. Karani anataka majina yapangwe kwa alfabeti ili orodha ipendeze. Anachagua safu ya majina peke yake na kuipanga. Majina yanahama, saa, siku na namba za simu zinabaki zilipokuwa. Kuanzia hapo kila mtu amevaa shati la mwenzake. Aliyefanya kazi siku 3 analipwa za siku 20, na wa siku 20 anapewa za siku 3. Jumla ya fedha haibadiliki hata senti moja, na kwa hiyo ulinganisho wa jumla niliousifu muda mfupi uliopita hauwezi kulikamata kosa hili. Kinachoweza kulikamata ni kumpa kila kibarua namba ya mstari, ile ile iliyo katika daftari, kisha kuchagua mistari mitano popote na kuilinganisha upana wote, kutoka jina hadi simu. Na kinachoweza kulikamata zaidi ni ninyi: orodha ikibandikwa, mtu huliona jina lake na siku zake, na hakuna anayezijua siku zake kuliko aliyezichimba.

Hapo niseme neno kuhusu kubandika. Orodha ya ubaoni iwe na jina, kitongoji na idadi ya siku au saa. Isiwe na namba ya simu wala ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetufunga sote katika jambo hilo, na hata isingekuwapo, tunajua matapeli wa simu wanavyotafuta orodha za namna hiyo. Nimepita katika ofisi moja nikakuta zote zimebandikwa ukutani. Tulizibandua siku ile ile.

Tarehe nazo nizitaje kwa kupita. Sisi tukiandika 3/4 tunakusudia tarehe 3 Aprili. Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa desturi ya Marekani, nazo huisoma kuwa Machi 4. Ikifika 13/4 zinashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na kuiacha kama maneno. Nusu ya kazi za Aprili huhamia miezi mingine na nusu hazihesabiki. Tunaandika mwezi kwa herufi, basi.

Kuhusu taarifa. Kila robo mwaka Kamati hii hupokea jedwali la saa za mitambo. Sitaki mfikiri kazi ya jedwali hilo ni kutoza tu. Mafuta ya injini ya greda hubadilishwa kwa kuhesabu saa, si kilometa kama gari la abiria. Lahajedwali likizidisha saa, mtambo unapelekwa karakana kabla ya wakati na fedha za kata zinamwagika na oili ambayo haijachakaa. Likipunguza, injini inaendeshwa kwa oili iliyokufa, na siku itakapokwama katikati ya msimu ndipo vijiji vitatu vitakaposubiri barabara hadi masika yafike. Kwa hiyo tumeongeza safu moja inayosema saa hizo zilikuwa za nini: kuchonga, kusafiri, kusubiri, au matengenezo. Injini inaweza kunguruma saa nzima opereta akimsubiri mwenye shamba aondoe uzio wake. Mita inasogea na barabara haisogei. Nani alipe saa hiyo? Makubaliano ya zamani hayakusema. Fomu mpya inasema kwamba kusubiri kunakosababishwa na kijiji ni kwa gharama ya kijiji, na kunakosababishwa na Halmashauri, kwa mfano kuchelewa kwa dizeli, hakutozwi. Wenyeviti wawili wameniambia kwamba kifungu hicho ni kikali. Naona ni cha haki, ila mlango wa kukijadili haujafungwa.

Wako wanaouliza kwa nini tusiachane na daftari kabisa, opereta akajaza katika simu na taarifa zikaingia zenyewe. Sikatai kwamba siku hiyo itafika. Lakini huku milimani mtandao hupatikana ukipanda kichuguu, na simu ya opereta hushinda ndani ya kabini lenye vumbi na mtikisiko. Daftari hata likilowa husomeka, na mtu anaweza kulitia saini. Nisingependa kupoteza saini hiyo mpaka nione kitakachoziba nafasi yake. Tulichokubali ni picha: asubuhi na jioni mita inapigwa picha, pamoja na ukurasa wa siku, na kutumwa kwa Mtendaji wa Kijiji pale mtandao unapopatikana.

Nimalizie na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyadai kuanzia sasa. Kijiji kinachokodi mtambo kinateua shahidi wake, ambaye si mwenyekiti wala mtendaji, akaone mita asubuhi kabla injini haijawashwa na jioni baada ya kuzimwa, na atie saini katika kila mstari. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Kusoma namba za mita anaweza kusaidiwa na mwanafunzi. Ankara ikija, iwe imeambatana na nakala ya kurasa za daftari na karatasi ya lahajedwali yenye safu zote, ile ya maneno ya daftari ikiwamo. Mkiona saa za siku moja zimepita 10, ulizeni kabla ya kulipa. Mkiona jumla isiyo na mita, ulizeni. Siku 14 tangu kupokea ankara ni zenu za kuhoji, na katika siku hizo hamtaandikiwa barua ya deni. Vibarua nao, wakiona jina limekosewa au siku zimepungua, waende kwa Mtendaji wa Kijiji wakiwa na namba yao ya mstari. Ataandika katika daftari la malalamiko na kumpa mlalamikaji nakala.

Madaftari mapya yamefika, nakala mbili kwa kila kijiji, nami nimeyaacha kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Greda linatarajiwa kuanza na kijiji cha juu mara mvua zikikatika. Wenyeviti wanipatie majina ya mashahidi kabla ya kikao hiki kuahirishwa, niwaonyeshe namna ya kuisoma ile tarakimu iliyo baada ya nukta. Nimekuja na picha ya mita, na naona yule mama wa uji amekaa mstari wa mbele. Ningependa aanze yeye kuniuliza.